Karakana ya nyumbani Eastlands: kipi ununue kwanza, kipi ukiache



Wiki chache zilizopita, baada ya Isha, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Umoja. Kijana huyu alitoka Mombasa miaka sita iliyopita, na kazi aliyokuwa akiifanya hapa Nairobi imekwisha. Alilipwa haki yake, na baada ya kutoa kodi ya nyumba ya miezi miwili akabakiwa na shilingi 65,000. Tangu utotoni mikono yake inapenda mbao, kwani babu yake alikuwa seremala. "Mjomba," akaniambia, "nimeona mashine. Inapasua, inapiga randa, inatoboa, yote kwa pamoja. Shilingi 58,000 tu. Kesho nataka kwenda kuichukua."

Nilimwomba jambo moja: asitoe hata shilingi mpaka Jumamosi, twende Gikomba pamoja. Haya ninayoyaandika leo ndiyo tuliyoyazungumza siku ile. Nimeona niyaweke hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi katika vijana wetu waliotoka pwani wanaishi Majengo, Buruburu, Kayole, Donholm na kwingineko Eastlands, na akipoteza kazi mtu hufikiria kuitumia mikono yake. Fikra hiyo ni nzuri. Useremala si kazi ya kudharauliwa; katika hadithi sahihi tunaambiwa kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Lakini pesa ya mwisho mfukoni haitaki pupa.

Somo hili nimelilipia mwenyewe. Zamani kidogo, nikiwa na nyumba yenye ua mdogo Buruburu, nilinunua msumeno wa meza wa umeme, wa bei rahisi. Uongozi wake wa kunyoosha ubao ulikuwa wa bati jepesi, ukiubana unapinda. Nilitengeneza nao rafu moja na vigoda viwili, vyote vikicheza. Siku nilipojaribu kupasua ubao wa mvule, injini ikatoa moshi. Spea hazikupatikana. Hadi leo msumeno ule uko chini ya ngazi, na juu yake tumeweka gunia la mchele. Nilikuwa na mashine, lakini sikuwa na skwea iliyonyooka wala patasi inayokata.

Maswali matatu kabla ya kwenda dukani

La kwanza: utatengeneza nini katika miezi sita ijayo? Usiseme "fanicha". Sema kitu chenye jina na mwenyewe. Mpwa wangu alipofikiri sana akasema kuna msikiti karibu na kwake unataka rafu za viatu, na jirani anataka kabati dogo la jikoni. Basi hayo ndiyo yanayochagua vifaa. Rafu ya viatu inataka mbao zilizonyooka, kukatwa kwa urefu sawa, kutobolewa, gundi, skrubu na msasa. Haitaki mashine ya kuchonga nakshi.

La pili: utafanyia wapi? Nyumba za Eastlands hazilingani. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano tangu miaka ya 1970, nyumba nyingi zina ua. Lakini Jericho, Maringo au Kaloleni, nyumba nyingi zilizojengwa na baraza ni ndogo, na kazi hufanyika barazani. Kwenye maghorofa ya Umoja na Kayole wengi wana roshani tu. Ubao wa futi 12 ukiusukuma kwenye mashine unahitaji futi 12 mbele na futi 12 nyuma. Kama huna nafasi hiyo, mashine hata iwe ya bure haitakufaa.

La tatu, na hili watu wengi hawajiulizi: ni kazi gani ambayo jirani yako tayari ana mashine ya kuifanya? Jibu la swali hili ndilo linaloitofautisha Eastlands na sehemu nyingine nyingi duniani. Mtu wa Marekani anayetengeneza karakana katika gereji yake ananunua mashine kubwa kwa sababu hana mahali pengine pa kupasulia mbao. Sisi tunayo Gikomba.

Mashine za Gikomba ni mashine zako

Tulipofika Gikomba Jumamosi nilimpeleka moja kwa moja kwenye yadi za mbao, si kwenye maduka ya vifaa. Pale unanunua ubao mchafu uliotoka kiwandani, na hatua chache mbele yuko mtu mwenye mashine kubwa ya randa na msumeno wa kupasulia. Mnapatana bei kwa futi au kwa ubao, na dakika chache baadaye ubao wako umenyooka pande zote mbili. Ubao wa inchi moja ukitoka hapo hubaki kama milimita 20 hivi, na hilo ulihesabu mapema unapochora vipimo vyako.

Mpwa wangu alisimama akitazama mashine ile ikimeza mbao. Injini yake peke yake ni kubwa kuliko mashine nzima aliyotaka kununua. Nikamuuliza: "Sasa ile ya 58,000 ungeifanyia nini ambacho huyu hakufanyii hapa?" Akacheka, akanyamaza.

Basi kanuni yangu ni hii. Kazi nzito ya kupasua na kuranda mbao nyingi, ilipie Gikomba. Vifaa vyako vya nyumbani viwe vya kazi ambayo hakuna wa kukufanyia, yaani kupima, kukata kwa usahihi, kuunga na kumaliza. Mteja akikipenda kitu au akikikataa, sababu huwa ni hizo kazi nne.

Na mbao zenyewe zisikusahaulishe hesabu. Tangu Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, hadi marufuku hiyo ilipoondolewa Julai 2023, mafundi waliona wenyewe bei ya mbao ilivyopanda. Ukimaliza pesa zote kwenye mashine, utakuwa na mashine isiyo na ubao wa kupitisha.

Jambo jingine, mbao nyingi za saipresi sokoni ni mbichi. Ukizigusisha shavuni zikawa baridi, au ubao mmoja ukiwa mzito kuliko wenzake wa ukubwa huo huo, ujue maji bado yamo. Kabati la ubao mbichi litapinda na kupasuka likiwa tayari nyumbani kwa mtu. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, usubiri. Kama mteja hawezi kungoja, nunua zilizokauka hata kama ni ghali zaidi.

Vifaa vya kwanza

Anza na vya kupimia. Tepu ya mita 5, skwea ya chuma, rula ya chuma, penseli ngumu. Skwea ijaribu dukani kabla ya kulipa: ishikize kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, uchore tena pale pale. Mistari ikilala juu ya mwenzake, skwea ni ya kweli. Ikiachana, irudishe. Na kwa fremu kubwa tumia hesabu ya futi tatu, nne na tano: pima futi tatu upande mmoja wa kona, nne upande mwingine, na ulalo ukiwa futi tano kamili kona yako imekaa sawa.

Kisha msumeno wa mkono. Lugha yetu inatofautisha kupasua na kukata, na msumeno nao unatofautisha. Wa kupasua, unaofuata nyuzi za mbao, una meno makubwa machache. Wa kukata, unaokingama na nyuzi, una meno madogo mengi. Kwa kuwa kupasua tumekuachia Gikomba, wewe nunua wa kukata, wenye meno kama 10 kwa inchi. Ukinunua wa mtumba, utazame kwa urefu kama unavyotazama bunduki; usiwe umepinda. Ukunje kidogo uuachie, urudi mahali pake.

Randa moja ya chuma ya mkono yatosha kwa kuanzia. Za mtumba za Uingereza na Marekani ambazo hupatikana Gikomba mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi, bora uzikague. Geuza tumbo lake, uangalie kama lina ufa karibu na mdomo unakotokea ubapa. Ikiwa lina ufa, iache. Kutu ya juu juu husafishika, lakini ubapa ulioliwa na mashimo ya kutu kwenye ncha hautanoleka vizuri.

Patasi nne: robo inchi, nusu, robo tatu na inchi moja. Nyundo ya chuma moja, na ya mbao ujitengenezee mwenyewe, iwe kazi yako ya kwanza. Bisibisi mbili. Koleo.

Halafu kitu ambacho wengi hukisahau, cha kunolea. Patasi mpya ya dukani haijakuwa kali, hiyo ni chuma tu yenye umbo la patasi. Kama huna pesa ya mawe mazuri, nunua kipande cha kioo kinene na msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000, ubandike juu yake. Ncha iwe na ulalo wa nyuzi 25, na mwisho kabisa uinue kidogo, kama nyuzi 30. Jaribu kwa kukata ubao wa saipresi upande wa kichwa, pale zinapoishia nyuzi. Ikikata laini bila kung'oa, iko tayari. Kifaa butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu mpaka kikaponyoka.

Mwisho katika vya mkono ni klampu. Gundi bila klampu ni dua bila imani. Nunua mbili ndefu na mbili fupi. Zile ndefu, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa chuma cha pembe na skrubu nene. Kamukunji iko karibu, pale pale ambapo mwaka 1985 Rais Moi alikwenda kuwatazama mafundi waliokuwa wakifanya kazi juani na ahadi ya kuwajengea vivuli ikatolewa.

Ukishangaa uchache wa vifaa hivi, wakumbuke wazee wetu. Majahazi ya Matondoni na milango ya Lamu iliyotiwa nakshi ilitoka kwenye tezo, msumeno, keekee, randa, juba na patasi. Ustadi ulikuwa mikononi, na kila kifaa kilikuwa kikali.

Vya umeme

Ukishakuwa na hivyo, cha kwanza cha umeme ni drili. Chukua yenye mwendo wa kupunguza na kuongeza, mdomo wa milimita 13, na yenye kugonga, kwa sababu kuta za nyumba nyingi za Eastlands ni za mawe na rafu bila ukuta haisimami. Wati 600 au 700 zinatosha.

Cha pili, ikiwa kazi itaendelea, ni msumeno wa diski wa kushika mkononi. Ukiuongoza kwa ubao ulionyooka uliobanwa na klampu, utakata blokbodi na plaiwudi za futi nane kwa nne vizuri kama mashine kubwa, kisha unauweka juu ya kabati. Cha tatu ni mashine ndogo ya msasa. Na vyote hivi usivinunue siku moja.

Dukani uliza maswali mawili: kaboni za injini zinapatikana wapi, na swichi ikifa nani anaiuza? Muuzaji akijikuna kichwa, shukuru na uondoke. Vya betri ni vizuri pasipo na umeme, lakini betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Ukichagua jina moja, umefunga ndoa nalo.

Umeme wenyewe uuheshimu. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba kama wati 3,100 kwa ujumla, si kwa kila kifaa. Msumeno wa wati 1,400 pamoja na birika la chai kwenye ekstensheni moja nyembamba ni kutafuta moto. Na waya wa ekstensheni uliozungushwa, ufungue wote kabla ya kazi nzito; ukibaki umejiviringa hupata joto.

Jirani, vumbi na moto

Karakana ya nyumbani ni karakana katikati ya watu. Kuna mtoto mchanga ghorofa ya juu, kuna mzee anayepumua kwa shida chumba cha pili. Haki ya jirani tunaijua sote. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinatenganisha mchana na usiku, na kuanzia saa mbili usiku kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi kinashuka. Mimi naongeza: ukisikia adhana, zima mashine. Na kabla ya siku ya kwanza ya kelele, pita ukabishe hodi na uwaeleze majirani saa zako.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa nzuri, si kitambaa cha mkononi, na uranda uwe nje kila inapowezekana. Vaa miwani. Na kanzu na mashine havipatani; vaa nguo inayobana mikono, hata kama umetoka msikitini sasa hivi.

Moto nao Eastlands tunaujua. Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Fagia takataka za randa kila jioni, usizilaze ndani. Weka vanishi na petroli mbali na jiko. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike, kwa sababu yanaweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Hesabu ya mpwa wangu

Tulikaa kwenye kibanda cha chai tukagawanya ile 65,000 mafungu matatu. Fungu moja vifaa. Fungu la pili mbao, skrubu, gundi na kazi ya mashine kwa rafu ya msikiti. Fungu la tatu halikuguswa, hilo ni la chakula na la siku kazi itakapochelewa kulipwa. Siku ile alinunua vifaa vya kupimia, msumeno, randa ya mtumba, patasi nne, vya kunolea, klampu nne na drili. Fungu la kwanza halikuisha.

Rafu ameshaipeleka. Futi sita kwa upana, ngazi nne, imesimama mlangoni na haichezi. Ilimchukua siku nyingi kuliko alivyodhani, na ubao mmoja aliukata mfupi ikabidi anunue mwingine. Kabati la jirani ndilo analolifanya sasa.

Juzi akanipigia tena. Bado ile mashine anaiota. Sikumkataza. Nilimwambia anunue daftari, na kila anapolipa mashine Gikomba aandike kiasi, pamoja na nauli na ubebaji. Afanye hivyo miezi mitatu. Ikiwa anacholipa kinaelekea kufika bei ya mashine kwa mwaka mmoja, na ana mahali pa kuiweka pasipo kumuudhi mtu, basi aje tukaitafute pamoja, na iwe nzuri, si ile ya 58,000. Ikiwa hakifiki hata robo, aendelee kupanda matatu kwenda Gikomba.

Ananiambia amekwisha kujaza ukurasa mmoja.